Kanopi ya ndege ya kujiundia: maana yake na namna ya kuifunga

Kanopi ni lile paa angavu linalomfunika rubani kwenye ndege ndogo. Kwa ndege za kujiundia nyumbani, kwa kawaida huwa ni akriliki (plastiki ngumu angavu) iliyokwisha kufinyangwa kiwandani, nayo mjenzi huikata na kuifunga kwenye fremu ya alumini au chuma. Kuifunga si kuibana. Hapo ndipo kanopi nyingi hupasukia.

Akriliki hutanuka kwa joto takriban mara tatu zaidi ya alumini. Chukua kanopi ya mita 1, iliyo nyuzi 22 alfajiri Malindi, kisha iachwe juani imefungwa hadi ifike nyuzi 52. Akriliki huongezeka kama mm 2.1, fremu mm 0.7 tu. Tofauti ni mm 1.4, yaani mm 0.7 kila ncha ikiwa katikati pameshikwa. Sasa riveti, ile pini inayoshikiza kanopi kwenye fremu, ya mm 3.2 katika shimo la mm 4 ina nafasi ya mm 0.4 kila upande. Ukifunga alfajiri, riveti za mwisho hugusa ukingo wa shimo kabla ya adhuhuri, na ufa huanzia hapo. Funga kanopi ikiwa karibu na nyuzi 37, katikati ya joto lake la chini na la juu, na ncha zitasogea mm 0.35 tu kwenda na kurudi. Inatosha, kwa shida.

Kwa kukata, joto la Pwani ni neema, kwani akriliki baridi huvunjika upesi. Hata hivyo usitumie msumeno wa meno makubwa. Tumia grainda yenye diski nyembamba ya kusaga, ondoa kidogo kidogo, ujaribishe kwenye fremu kila mara. Kisha piga msasa ukingo mzima, namba 120 hadi 400, na uviringishe pembe. Mkwaruzo mdogo ukingoni ni mwanzo wa ufa.

Keekee ya kutobolea chuma huuma plastiki na kuipasua inapotokeza upande wa pili. Tafuta ya kutobolea plastiki, yenye ncha kali, na uweke ubao nyuma. Skrubu ikaze mpaka iguse, halafu uirudishe nyuma kidogo. Wengine huacha riveti kabisa na kugundisha kwa Sikaflex, gundi ambayo hunyumbuka. Ila inataka maandalizi safi na subira.

Usifute kanopi kwa petroli, thina wala asetoni: huleta nyufa nyembamba kama utando, nazo hazifutiki. Vumbi la mchanga na chumvi ya bahari vioshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni laini, ndipo upitishe kitambaa cha pamba. Ile karatasi ya kinga ya kiwandani nayo isikae juani miezi, maana gundi yake hukauka na kugoma kubanduka.