Mtoto anayeimba kitabu bado hajajua kusoma

Wiki iliyopita nimeisikia tena ile dhana kwamba mtoto akitamka kitabu kizima basi anajua kusoma, safari hii kutoka kwa mama aliyekuja na mwanawe wa darasa la pili, kitabu mkononi. "Mwalimu, mmeniandikia kwamba mtoto wangu hajui kusoma. Huyu anasoma kitabu kizima bila kukosea. Msikilize mwenyewe."

Nikamsikiliza. Kijana akafungua ukurasa wenye picha ya mbuzi, akashuka nao kutoka juu hadi chini kwa ile sauti ya kuimba inayopanda kila mwisho wa sentensi. Hakukosea hata neno. Ila macho yake yalikuwa dirishani, kwa wenzake waliokuwa wanacheza mpira. Nikakifunga kitabu taratibu, akaendelea. Nikachukua karatasi, nikaandika neno moja kutoka ukurasa uleule: kamba. Akalitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Mbuzi."

Mama hakusema kitu. Nami sikumlaumu yeye wala mtoto, maana kijana amefanya kile hasa alichofundishwa. Mwalimu anasema, darasa linaitikia. Siku ya tatu ukurasa umeshaingia kichwani, siku ya tano mtoto anausoma hata gizani. Kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Kusoma ni kitu kingine: kukutana na neno ambalo hujawahi kuliona na kulitoa.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016 madarasa ya kwanza yalifurika, na mwalimu mwenye watoto mia moja na ushee hukimbilia kwaya kwa sababu ndiyo inayomfikishia kipindi mwisho. Simlaumu sana. Lakini siku moja asimame katikati ya darasa badala ya mbele, atege sikio. Atawasikia watoto watatu au wanne wanaotangulia, kundi linalofuata, halafu wale wanaochelewa nusu silabi, midomo yao ikifuata ya jirani. Hao waliochelewa hawasomi. Kwenye daftari lake, hata hivyo, wameandikwa "anajua".

Daftari hilo linapanda kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, mpaka wilayani. Huko juu tunakaa mezani kupanga mafunzo ya walimu na mgao wa vitabu kwa kutumia takwimu zilizotoka kwenye kwaya. Halafu mtoto anafika darasa la nne, anakaa kwenye upimaji wa taifa, tunashangaa.

Binamu wa dhana hiyo ni "herufi zote anazijua". Anajua majina yake. Mwambie "me" na "a", aunganishe. Atakujibu "mea", na kwa hesabu hiyo yuko sahihi kabisa. Wewe ulitaka "ma", lakini hukumpa sauti ya herufi, umempa jina. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 ulianza na sauti kwa sababu hiyohiyo. Bado napita madarasa ambako asubuhi inaanza na a, be, che, de kama gwaride. Irabu za Kiswahili ni tano, na kila moja haibadiliki sauti popote ilipo; watoto wa lugha nyingine wangetuonea wivu. Ugumu wenyewe uko kwenye ng', nyw, mbw, dh, gh, na huko ndiko tungepaswa kumaliza chaki.

Dawa yangu wanaonifahamu wameshaichoka, lakini nitaisema: dakika moja, mtoto mmoja, maneno mapya. Kaa naye chini ya mti, mbali na wenzake. Mpe kwanza maneno ya kawaida ambayo hayamo kwenye kitabu chake. Kisha mpe yasiyo na maana kabisa: pelu, kemo. Hapo kumbukumbu haina pa kushika, na picha ya mbuzi haipo. Ukiwapima kumi kwa siku, darasa la watoto 120 linakwisha kwa siku kumi na mbili za shule. Watu wa Uwezo, mradi wa kupima ujuzi wa watoto, walianza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010 kwa mtindo huu wa mtoto mmoja mmoja: silabi, neno, aya, hadithi, yote ya kiwango cha darasa la pili, hata kama anayepimwa yuko la saba. Kama wao waliweza sebuleni kwa watu, sisi tunashindwaje shuleni kwetu?

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Huyu ni mzito, kichwa kigumu." Kabla hujatamka neno hilo, mhamishe kiti. Mara ngapi nimekuta "mzito" amekaa nyuma kabisa, haoni ubao, au ana sikio linalotoa usaha tangu masika? Mpeleke zahanati kwanza.

"Akifika la tatu atazinduka." Kuanzia la tatu kila somo linamtaka awe ameshajua kusoma. Asiyejua ananakili ubaoni, mwandiko mzuri tu, na mwandiko huo unamdanganya kila mtu nyumbani.

"Nimpeleke Ingilishi midiamu, huko atajua." Kuunganisha sauti za herufi mtoto hujifunza mara moja tu maishani, na ni rahisi zaidi katika lugha anayoielewa. Akiupata ujuzi huo kwa Kiswahili atauhamishia Kiingereza. Akianza kwa lugha asiyoijua ataimba tena, tofauti ni kwamba safari hii unalipia.

"Darasa la kwanza apewe mwalimu yeyote, wazuri waende la saba." Hii huwa haisemwi kwa sauti, ila itazame ratiba ya shule. Mtihani wa la saba unaonekana, basi huko ndiko anakopelekwa fundi. Wa la kwanza ni aliyeripoti jana, au anayengoja kustaafu.

"Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mama, mwambie akusomee chochote kilichoandikwa ndani: mfuko wa unga, kopo la dawa, kanga yako. Akikwama umeona. Huhitaji cheti kuona mtoto amekwama.

"Hatuna vitabu." Hii mara nyingine ni kweli. Mara nyingine vimejaa kabatini, vimefungwa kwa kufuli, kwa hofu kwamba vikipotea mwalimu mkuu ataulizwa. Shule moja niliomba kabati lifunguliwe. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa taaluma alikuwa amekwenda msibani.