Mshono wa zulia ni nini hasa?

Fundi cherehani akisema mshono, unaona sindano na uzi. Daktari naye akisema mshono, mawazo yako ni yale yale. Fundi wa zulia analo neno hilo hilo kwa pale vipande viwili vinapokutana sakafuni, ingawa siku hizi mara nyingi hakuna sindano iliyopita hapo. Kuna kisu, utepe wenye gundi, na pasi.

Mshono unazaliwa na upana wa jora. Zulia la kutandikwa ukuta hadi ukuta huja likiwa limeviringishwa katika jora la mita 4, au la futi 12, ambazo ni kama mita 3.66. Chumba kikizidi hapo hata kwa nusu mita, kipande cha pili lazima kiingie. Kwa hiyo mshono huamuliwa dukani, tepu ya kupimia ikiwa bado mkononi, na mteja anayeachia fundi hesabu hiyo peke yake anaweza kuja kujuta kama nilivyojuta mimi.

Sebule yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4.8. Jora la mita 4 lilinyooshwa kufuata urefu, ukabaki ukanda wa sentimita 80 upande mmoja. "Bosi, ongeza mita moja na robo tatu tu, utakaa," fundi akaniambia, na kweli ulikaa. Jioni niliposimama mlangoni niliona sebule ya rangi mbili: sehemu kubwa kahawia, ule ukanda kama umechovywa kwenye chai. Nikaenda dukani na maneno makali kwamba nimeuziwa majora mawili tofauti. Hawakuwa na kosa. Jora lilikuwa moja, ila fundi alikuwa ameukata ukanda kwa kuugeuza.

Kosa lenyewe ni la mlalo. Manyoya ya zulia hayasimami wima kabisa, yanalala upande mmoja kama ya paka. Pitisha kiganja kuelekea upande mmoja, yanalainika. Rudisha, yanakwaruza na rangi inabadilika mbele ya macho yako, kwa sababu mwanga unagusa ubavu wa nyuzi badala ya ncha zake. Vipande viwili vya jora moja vikilazwa kwa milalo tofauti vitaonekana rangi mbili milele, hata vikiunganishwa na fundi bora kuliko wote. Ndiyo maana mafundi makini huchora mshale kwa chaki mgongoni mwa kila kipande kabla ya kukata, na mishale yote huelekea upande mmoja.

Hesabu ndiyo iliyoniuma zaidi. Kile kipande cha ziada, mita 1.75 kwa 4, kinaweza kukatwa kwa namna mbili. Ukikikata kwa mapana ya jora unapata kanda ndefu za mita 4, mbili zinatosha, na unakuwa na kiungo kimoja tu kidogo cha kukatisha ukanda. Lakini mlalo umegeuka. Ukikikata kwa kufuata mlalo unapata vipande vya mita 1.75, unahitaji vitatu, na viungo vidogo vinakuwa viwili. Zulia ni lile lile, bei ni ile ile. Fundi wangu alikwepa kiungo kimoja cha sentimita 80.

Baada ya mlalo ni kisu, na hapa ndipo ufundi ulipo. Ukingo uliotoka kiwandani hauaminiki, kwa kawaida umechakaa au hauko sawa, kwa hiyo hupunguzwa sentimita kadhaa. Fundi hupiga magoti, akapitisha ncha butu ya bisibisi kati ya mstari mmoja wa manyoya na mwingine mpaka njia ifunguke kama mapito ya nywele zinazosukwa, kisha kisu kinafuata njia hiyo. Nia ni kukata mgongo wa zulia bila kugusa unyoya hata mmoja. Anayekata kwa kubahatisha, kutokea juu, hunyoa manyoya ya ukingoni, na hapo hata vipande vikibanwa vipi utabaki mfereji mwembamba unaoonekana ukiwa umekaa kwenye kochi. Mazulia ambayo mistari yake haifuatiliki hukatwa kwa kulaza kipande juu ya chenzake na kupitisha kisu mara moja kwenye vyote viwili, ili kasoro ya mkono iwe sawa pande zote.

Kingo zilizokatwa hupakwa gundi nyembamba ya mpira pale mgongo ulipochanwa. Hatua hii inachukua dakika chache na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu siku ya kukabidhi kazi haionekani. Inaonekana baada ya miezi, ufagio unapovuta uzi mmoja. Zulia la vitanzi, lile ambalo nyuzi zake hazikukatwa juu, hufumuka mstari mzima kama sweta lililonaswa na msumari.

Ndipo unakuja utepe. Hulazwa sakafuni chini ya maungano, upande wa gundi ukitazama juu, nusu ya upana wake kila upande. Gundi yake ni kavu, huyeyuka kwa joto. Pasi maalumu, bapa kuliko ya nguo, hutelezeshwa juu ya utepe chini ya zulia. Fundi anaisogeza polepole, na nyuma yake anashusha kingo mbili kwenye gundi iliyoyeyuka, anazibana zikutane bila kupandana, kisha anaweka ubao au kitu kizito mpaka pagande. Haraka inaharibu: pasi ikikimbia, gundi haiingii kwenye mgongo wa zulia. Ikizidi moto nayo ni hatari, kwani mazulia mengi ya bei nafuu ni ya polipropilini, plastiki inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kidogo. Umeme ukikatika katikati ya mshono, kwetu si jambo la ajabu, kilichokwisha kubanwa kiachwe, na kilichobaki kisubiri.

Kwenye nyumba ambazo zulia hutandikwa juu ya sponji na kuvutwa likanase kwenye vijiti vya misumari ukutani, mshono una ugonjwa wake: huinuka kama tuta dogo. Utepe uko chini ya zulia, mvutano uko juu yake, basi kingo zinapovutwa pande mbili hujiinua. Likibandikwa moja kwa moja kwenye saruji tatizo hilo halipo, ila sakafu lazima iwe kavu na sawa, maana kila kibonye kitajichora juu.

Mshono usioonekana kabisa usiuahidiwe. Hata Carpet and Rug Institute, taasisi ya wenye viwanda vya mazulia iliyoko Dalton, Georgia, huko Marekani, haidai kwamba mishono itapotea machoni. Kinachowezekana ni kuuweka mahali pazuri: mbali na njia ya miguu, usikatishe mlango, na uelekee dirishani ili mwanga uende nao sambamba. Mwanga ukiukata kwa ubavu unatupa kivuli, na kivuli ndicho jicho linachokiona.

Kazi inayotisha mafundi ni zulia la msikiti. Kila mstari wa safu lazima ukutane na mwenzake, na kila umbo la mihrabu likae sawa mbele ya mwenye kuswali. Majora ya mashine hayalingani sawasawa. Moja linaweza kuwa limerefuka kidogo, na tofauti ya milimita kwenye kila umbo inakuwa kubwa ukifika mwisho wa ukumbi. Mwenye uzoefu hutandika kwanza kile kipande ambacho nakshi zake zimerefuka, kisha huvuta kile kifupi kikifuate, kwani kuvuta kunawezekana na kufupisha hakuwezekani. Zulia kubwa la Msikiti wa Sultan Qaboos, Muscat, lenye mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, lilifumwa kwa mkono Irani, na hakuna kitanda cha mfumi kinachotoa nguo ya ukubwa huo kwa mara moja. Vipande viliunganishwa. Kwa mazulia ya kufumwa ya hali ya juu, sindano iliyopinda na uzi uliopakwa nta bado vinatumika, kwa hiyo huko neno mshono limebaki na maana yake ya kwanza.

Zulia la mkonge mshono wake huonekana daima, maana nyuzi zake hazina manyoya ya kuuficha. Na lile tunaloliita kapeti la plastiki halihusiki na pasi: vipande hupandanishwa, hukatwa pamoja kwa rula ya chuma, na kiungo hujazwa gundi ya majimaji inayoyeyusha kingo zishikane.

Kochi kubwa sasa limekaa juu ya ukanda wangu. Limefunika karibu mita nne. Ile moja iliyobaki iko chini ya dirisha, na saa kumi na moja jioni jua likiingia, wageni huniuliza kama hapo pamemwagika kitu.