Kaboni nyepesi pekee haitoshi

Kila panapotangazwa ugunduzi wa uhai wa kale kuliko wote duniani, mimi huuliza kwanza: mwamba huo umepikwa kiasi gani, yaani umebadilishwa na joto na mgandamizo kwa kadiri gani? Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, na ukoko wake wa mwanzo karibu wote ulishayeyuka au kumomonyoka.

Kilichobaki ni chembechembe. Zirkoni, yaani fuwele ndogo ngumu za madini, za Jack Hills, Australia Magharibi, zinafika miaka bilioni 4.4, na oksijeni iliyomo ndani yake inaashiria kwamba maji yalikuwepo tayari. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba zirkoni moja ya huko, yenye miaka bilioni 4.1, ina grafaiti (madini ya kaboni tupu) ya kaboni "nyepesi".

Wepesi huo ndio unaotugombanisha. Vimeng'enya vya viumbe hupendelea kaboni-12, aina iliyo nyepesi, kuliko kaboni-13 iliyo nzito zaidi, ndiyo maana mabaki ya viumbe hupungukiwa na kaboni-13, mara nyingi kwa takriban sehemu 25 katika kila 1,000. Tatizo ni kwamba maji ya moto yakipita kwenye miamba yenye chuma, nayo yanaweza kutengeneza kaboni ya namna hiyo pasipo kiumbe chochote.

Kwa hiyo nataka na ushahidi wa umbo. Huko Isua, Greenland, kwenye miamba ya miaka bilioni 3.7, mwaka 2016 zilielezwa koni ndogo za sentimita 1 hadi 4 kwenda juu, zikaitwa stromatoliti, yaani matabaka yanayojengwa na utando wa vijidudu. Picha zilivutia kweli. Mwaka 2018 timu nyingine ikazichunguza pande zote tatu, si uso wa mbele tu, ikakuta ni matuta marefu yaliyolala kufuata mvutano uliounyoosha mwamba. Wagunduzi wa awali hawajakubali. Mimi niko na hao wa pili: koni hubaki koni hata uitazame ubavuni.

Pilbara, Australia, hali ni tofauti kabisa. Stromatoliti za Strelley Pool, za miaka bilioni 3.43, zimetandaa kilomita kama 10, na maumbo yake hubadilika kadiri mazingira ya bahari ya kale yalivyobadilika. Kukandamizwa kwa mwamba hakuleti mpangilio huo. Jirani yake, miamba ya Dresser, nayo yenye stromatoliti, ina miaka bilioni 3.48.

Vijidudu vilivyojenga miamba iliyotandaa hivyo vilikuwa na mababu. Kati ya maji ya Jack Hills na Dresser kuna takriban miaka milioni 900. Mwanzo wenyewe wa uhai tunautafuta humo.