Nguvu ya nondo hupimwaje?

Hapa Lubumbashi, mnunuzi wa nondo mara nyingi huuliza bei na unene, basi. Maswali hayo hayatoshi, kwani sifa zinazowalinda watu wanaolala chini ya dari la zege hazionekani kwa macho.

Kipimo kikuu ni cha kuvuta. Kipande cha nondo hutiwa alama mbili, tuseme kwa umbali wa milimita 60, kisha ncha zake hubanwa kwenye mashine inayokivuta polepole huku ikionyesha nguvu inayotumika. Mwanzoni hurefuka kidogo sana, na mzigo ukiondolewa hurudia urefu wake. Baadaye mshale wa mashine unaoonyesha nguvu husita, magamba meusi hubanduka juu ya chuma, na kuanzia hapo urefu ulioongezeka haurudi tena: hicho ndicho kikomo cha mnyumbuko. Nondo ya daraja la megapaskali 500 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo), yenye kipenyo cha milimita 12, inapaswa kuhimili uzito wa zaidi ya tani 5 na nusu kabla ya kufika hapo. Mvuto ukiendelea, sehemu moja hunywea, hupata joto, kisha hukatika kwa kishindo. Vipande hivyo viwili huunganishwa, na alama zikiwa sasa zimeachana kwa milimita 72, chuma kimerefuka kwa asilimia 20.

Mimi huitazama namba hii ya mwisho kwa makini kuliko zote, kwa sababu boriti yenye nondo inayorefuka huanza kupinda na kuonyesha nyufa kabla ya kuanguka, na waliomo ndani hupata nafasi ya kutoka.

Ugumu ni jambo jingine. Mhandisi Msweden Johan August Brinell alieleza mwaka 1900 jinsi ya kuupima kwa kukandamiza tufe gumu juu ya chuma na kupima shimo linalobaki. Chuma kigumu mno huweza kukatika ghafla.

Nondo nyingi za kisasa hupata nguvu kwa kupozwa haraka kwa maji kiwandani. Fundi anayezipasha moto hadi ziwe nyekundu ili azikunje kwa urahisi huipunguza nguvu hiyo. Zikunjwe baridi.

Asiye na mashine atumie mizani: mita moja ya nondo ya milimita 12 ina takriban gramu 888. Ikiwa na gramu 750 tu, kipenyo chake halisi ni kama milimita 11, na mnunuzi amepoteza karibu asilimia 16 ya chuma alicholipia.