Utafiti wa tiba Mbeya: yanayosemwa sokoni na yalivyo kweli

Shangazi yangu anauza viazi Mwanjelwa. Aliposikia nimeitwa kushiriki utafiti hospitalini, aliweka debe chini akanishika mkono. "Mwanangu, wale shida yao damu. Wanaiuza." Sikumlaumu. Habari za mumiani tumezisikia tangu utotoni.

Basi tuanze na damu. Kichupa nilichotolewa kilikuwa na kifuniko cha zambarau, na juu yake kulibandikwa namba, si jina langu. Kichupa cha namna hiyo huchukua mililita 5 hivi, kijiko kimoja cha chai. Anayechangia damu kwa ajili ya wagonjwa hutoa mililita 450 kwa mkupuo, na mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini. Utafiti mwingine huchukua vichupa kadhaa, ndiyo maana idadi huandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Isome. Kama sampuli itahifadhiwa au kupelekwa nje ya nchi, hilo nalo lazima uambiwe, na una haki ya kukataa.

"Wanatufanya panya." Hofu hii ina mizizi. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uchunguzwe tu, hata baada ya penisilini kupatikana. Uovu kama ule ndio uliozaa masharti ya leo. Hapa kwetu utafiti wa afya hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, na dawa au chanjo ya majaribio huhitaji pia kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mbeya kilishiriki utafiti wa PrEPVacc wa chanjo za VVU, pamoja na Dar es Salaam, Masaka kule Uganda na Durban kule Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2023 uchomaji wa chanjo ulisimamishwa, baada ya kamati huru ya wataalamu kuona hakuna dalili kwamba zingezuia maambukizi. Anayefanywa panya hana mtu wa kumsimamia hivyo.

Wapo wanaodai chanjo kama hizo humwambukiza mtu UKIMWI. Hapana, ndani yake hamna kirusi kamili cha VVU. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mwili ukishatengeneza kinga, kipimo cha haraka kinaweza kusoma "chanya" ilhali mtu hana virusi. Ndiyo maana mshiriki hutakiwa kupimwa na watafiti wenyewe, kwa kipimo kinachotafuta kirusi.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ya upande wa pili: kwamba ukiingia kwenye utafiti umepata tiba iliyo bora, tena bure. Nimemsikia mama mmoja kwenye benchi akishukuru kwa "dawa mpya". Huenda hakuwa akipewa dawa mpya. Mara nyingi kompyuta ndiyo inayogawa watu makundi kwa bahati nasibu: hawa dawa inayojaribiwa, wale dawa ya kawaida au sindano isiyo na chanjo ndani. Hata daktari huenda asijue nani kapata nini. Na dawa hiyo inajaribiwa kwa sababu bado haijulikani kama inafaa. Mgonjwa asipoelezwa hili kwa lugha anayoielewa, sahihi yake haina maana.

Fedha unayopewa ni nauli na fidia ya muda wako, si mshahara. Kujitoa unaruhusiwa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yanabaki palepale. Kama unameza dawa ya utafiti, mweleze daktari kabla hujaiacha.

Shangazi alinisindikiza. Muuguzi alipomaliza kusoma fomu, yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Akidhurika, nani anamtibu, na kwa fedha ya nani?" Muuguzi alifunua ukurasa wa nne, akaweka kidole kwenye aya yenyewe. Shangazi akaomba aisomewe tena, polepole.