Kupuliza, kunywa na kulewa

Juzi kwenye matatu nimemsikia tena abiria akiapa kwamba alkoblo ni haramu, "korti ilishasema." Jirani yake akacheka: basi tunywe. Nikanyamaza, maana nilikuwa nashuka.

Alkoblo ni kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi. Unapuliza, kinatoa namba. Hilo halina ugumu. Ugumu uko kwenye neno jingine tunalolitumia ovyo: kulewa.

Chombo kikichezewa na mawimbi hulewalewa. Mnazi kwenye kusi hulewalewa. Mlevi naye ni yule anayepepesuka. Aliyeonja tu hajafika huko. Hata kwa mazungumzo ya kawaida, "amekunywa" na "amelewa" ni habari mbili, na mke aliyekesha akimsubiri mumewe anazijua tofauti zake. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, nayo inazijua. Kifungu cha 44 kinasema kosa ni kuendesha ukiwa umezidiwa na kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Namba haimo. Faini ni hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.

Mwaka 2011 zikatungwa kanuni za kupima pumzi chini ya Sheria hiyohiyo, na namba ikaingia: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Aliyepita hapo alikuwa na kosa, hata kama alisimama wima kama mlingoti. Vizuizi vya alkoblo vilipoanza Desemba 2013, wenye baa walienda kortini. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwamba kanuni hizo ziligongana na kifungu cha 44. Kanuni ni mtoto. Haiwezi kuzua kosa ambalo sheria mama haikulizaa.

Mtaani hukumu hiyo ikafika imegeuka: "alkoblo imepigwa marufuku." La. Lililoanguka ni kosa la kupita namba. Kosa la kuendesha umelewa halikuguswa, na hakuna jaji aliyempa mtu ruhusa ya kutoka baa akielekea kwenye usukani.

Wengine huongeza kwamba "hata Marekani wameshinda." Huko ugomvi ulikuwa mwingine kabisa: je, askari ana haki ya kumsimamisha dereva ambaye hajamshuku kwa lolote? Katika jimbo la Michigan, kizuizi kimoja cha Saginaw kilisimamisha magari 126 na kukamata madereva 2. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 kwa 3, ikasema kizuizi cha namna hiyo hakivunji katiba ya nchi. Miaka 3 baadaye mahakama ya juu ya Michigan yenyewe ikakikataa kwa katiba ya jimbo. Kwa hiyo kule walibishania kusimamishwa. Hapa tulibishania kosa unaloshtakiwa nalo baada ya kusimama. Kuzichanganya ni kama kumdai fundi viatu nguo yako.

Basi, ndugu yangu wa matatu, useme hivi: kanuni ya kiwango iligongana na sheria mama. Ni maneno mengi kwa safari fupi, najua. Ukiyaona marefu, sema tu "ile kanuni," alkoblo uiache.