Je, wajua? Msimbo na data vikiwa wazi, hesabu ya tabianchi bado yaweza kukosewa

Aprili 2024 jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti watatu wa taasisi ya tabianchi ya Potsdam, Ujerumani: Maximilian Kotz, Anders Levermann na Leonie Wenz. Walikadiria kwamba kufikia katikati ya karne hii kipato cha dunia kitakuwa pungufu kwa asilimia 19, ukilinganisha na hali ambayo joto lisingeongezeka. Kwa fedha, ni hasara ya dola trilioni 38 kwa mwaka. Mtandao wa benki kuu unaoshughulikia hatari za tabianchi uliichukua hesabu hiyo na kuitumia. Data na msimbo wa kompyuta viliwekwa wazi, yeyote apakue. Desemba 2025 waandishi wenyewe waliiondoa makala.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama kila kitu kilikuwa mezani, kosa lilipitaje? Nyuma yake kuna imani kwamba kuweka msimbo na data wazi kunathibitisha hesabu. Imani hiyo imeenea hata kwa wanaoishi kwa kazi hii, na inafaa kufumuliwa taratibu. Mtu akipakua faili, akaendesha msimbo na kupata namba ile ile iliyochapishwa, amethibitisha jambo moja tu: faili hizi na msimbo huu ndivyo vilivyozaa namba ile. Kama namba zilizoingia zilikuwa na kasoro, hilo hajaligusa. Hesabu ya Potsdam ungeiendesha mara elfu, ukiwa Nyegezi, Mwanza, au Berlin, na jibu lisingetikisika. Kosa lilikaa kwenye data, na msimbo ukawa unalirudia kwa uaminifu mkubwa.

Waliolikuta ni Tom Bearpark, Dylan Hogan na Solomon Hsiang, ambao maoni yao yalitoka Agosti 2025 katika jarida lile lile. Data ilikuwa na zaidi ya mikoa 1,600 kutoka nchi nyingi. Walipoondoa nchi moja tu, Uzbekistan, makadirio ya hasara ya mwaka 2100 iwapo gesi joto zitaendelea kuongezeka sana yalishuka kutoka asilimia 62 hadi 23. Takwimu za uchumi za nchi hiyo za 1995–1999 zilikuwa na kasoro. Asilimia 23 si hasara ndogo, kwa hiyo asitokee mtu kusema joto halina gharama. Waandishi nao waliporekebisha data na njia yao walipata asilimia 17 badala ya 19 kwa katikati ya karne, lakini wigo wa makadirio ukapanuka, na mabadiliko yalikuwa makubwa mno kwa masahihisho ya kawaida.

Nchi moja inawezaje kuivuta dunia nzima? Chukua mfano wa dagaa. Wavuvi wa dagaa ziwani huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa, mzigo unapungua, bei inapanda. Tuseme unataka kujua inapanda kwa kiasi gani, ukakusanya daftari za mialo kumi, yaani mahali boti zinapotia nanga na kuuza. Tisa zimeandika bei ya debe mwanzo hadi mwisho. Wa kumi umeandika bei ya debe, katikati miezi michache ukaandika ya gunia, kisha ukarudi kwenye debe bila kusema. Gunia linameza madebe kadhaa, hivyo kwenye karatasi bei ya mwalo huo inaruka juu ghafla na kuanguka ghafla.

Hesabu inayotumika, regresheni, hutafuta mstari utakaopita karibu na nukta zote kwa pamoja. Ukaribu hupimwa kwa kuzidisha kila umbali kwa wenyewe, kisha kujumlisha. Nukta iliyo mbali mara kumi kuliko wenzake inatoza adhabu mara mia. Mstari, ukikwepa adhabu hiyo, unasogea kuufuata mwalo mmoja wenye daftari bovu na kuiacha ile tisa iliyoandika vizuri. Lakini kuruka peke yake hakutoshi kuharibu jibu. Inabidi miezi ya magunia iangukie kwenye vipindi vya mbalamwezi. Hapo mwezi unabebeshwa lawama ya kipimo. Na data ikiwa ya miaka michache, sadfa kama hiyo haihitaji bahati kubwa.

Dawa yake ni ya kuchosha ila rahisi: ondoa mwalo wa kwanza, piga hesabu, urudishe, ondoa wa pili, piga tena, hivyo hivyo hadi wa kumi. Majibu tisa yakikaribiana na moja likaachana nayo, unajua daftari la kufungua. Hapo ndipo uwazi unapofanya kazi yake. Kipimo hiki hakiwezekani kama umepewa wastani wa mialo yote. Kinahitaji namba za kila mwalo na msimbo unaoweza kuendeshwa upya.

Kanda ya Ziwa ina mtego wake wa aina hiyo hiyo, na hauhitaji uzembe wa mtu. Machi 2012 mikoa minne mipya ilianzishwa: Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Geita ilichukua eneo lililokuwa Mwanza, pamoja na mgodi mkubwa wa dhahabu. Sehemu ya Magu nayo ikawa Busega, ndani ya Simiyu. Ukiunganisha takwimu za "Mkoa wa Mwanza" za 2010 na za 2014 kwa kutumia jina tu, na mfululizo haujarekebishwa kurudi nyuma, utaona uchumi umeporomoka ghafla. Ramani ndiyo iliyohama. Kama mvua ilikuwa haba katika mwaka wa mabadiliko hayo kwenye data yako, regresheni itasema ukame ulimeza uchumi wa Mwanza. Suluhisho ni kutumia wilaya kwa mipaka yake ya zamani badala ya mikoa, au kuijumlisha mikoa mipya na ile ya zamani ili mipaka ibaki ile ile miaka yote, na uamuzi huo uandikwe ndani ya msimbo, usibaki kichwani.

Hatua inayoharibu zaidi huwa haiwekwi wazi kabisa: kuunganisha takwimu za kila kaya na hali ya hewa ya mahali ilipo. Wengi hupakia jedwali lililokwisha kuunganishwa na msimbo wa regresheni ya mwisho, wakaita hiyo data wazi. Tazama kinachoweza kutokea. Jiji la Mwanza liko latitudo -2.52, longitudo 32.9. Geuza mpangilio wa namba hizo mbili, ukapoteza na ile alama ya kutoa, na uko Algeria, jangwani. Kosa hilo hujifichua, maana mvua inakaribia sifuri. Baya zaidi ni kupoteza alama ya kutoa peke yake. Hapo Mwanza inahamia 2.52 kaskazini, jirani na Lira nchini Uganda, mahali penye mashamba, joto linalofanana na mvua ya mwaka isiyoshangaza. Hakuna kitakacholia. Ila majira yamegeuka: Mwanza ni kavu Juni hadi Agosti, wakati kaskazini mwa Uganda ukavu ni Desemba hadi Februari. Kwa hiyo kabla ya regresheni yoyote chora mvua ya kila mwezi. Julai ikionekana na mvua nzuri, umevuka Ikweta bila kujua.

Vipimo navyo vina vituko vyake. ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima inayotolewa Ulaya na kutumika sana, inatoa joto kwa kelvini na mvua kwa mita. Namba 296 ni nyuzi 23 za Selsiasi, baada ya kutoa 273.15. Visanduku vyake vya gridi ni nyuzi 0.25, karibu kilomita 28 kila upande, kwa hiyo kisanduku kimoja kinaweza kubeba mitaa ya jiji, maji ya Ghuba ya Mwanza na mashamba ya ng'ambo. CHIRPS, ya mvua pekee tangu 1981, ina visanduku vya nyuzi 0.05, kama kilomita 5.5, na mahali pasipo na thamani pameandikwa -9999. Usipoisafisha, wastani wa mvua utakuwa hasi, na heri uwe hasi sana uonekane.

Halafu kuna kusogezwa kwa makusudi. Utafiti wa kufuatilia kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa msaada wa Benki ya Dunia, NPS, ulioanza 2008/09, hutoa nukta za GPS zilizohamishwa ili kaya zisitambulike: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na maeneo machache ya vijijini hadi 10. Kilomita 5 zinatosha kuipeleka nukta kwenye kisanduku cha jirani cha CHIRPS, na kwa kijiji cha ufukweni Ukerewe si ajabu ikaangukia majini. Kuichukua nukta hiyo kama mahali halisi ni kosa. Chukua wastani wa visanduku vilivyo ndani ya duara la kilomita 5, na msimbo uonyeshe hivyo.

Kifurushi cha data na msimbo kinachofaa basi kinaanzia kwenye data mbichi. Folda moja ya faili zilizopakuliwa, ambazo haziguswi na mkono. Nyingine ya misimbo iliyopewa namba kwa mpangilio wa kuendeshwa. Ya tatu ya matokeo, inayoweza kufutwa yote ikajijenga upya. Njia za faili zisianze na jina la kompyuta yako. Taja matoleo ya programu, kwa sababu hayalingani: programu ya takwimu ya R, toleo 3.6.0 la mwaka 2019, ilibadilisha namna ya kuchagua sampuli nasibu, hivyo mbegu ile ile ya nasibu, yaani namba inayoanzisha uchaguzi huo, inatoa sampuli tofauti na ya R ya zamani. Kisha mpe mwenzako kifurushi akiendeshe kwenye mashine yake, wewe ukiwa umenyamaza. Andrew Chang na Phillip Li walijaribu mwaka 2015 kurudia makala 67 za uchumi bila msaada wa waandishi, wakafanikiwa kwa 22.

Si kila kitu kinapakiwa. Faili za NPS huruhusiwi kuzisambaza mwenyewe. Unaandika zinapatikana wapi, wimbi lipi (yaani awamu ya utafiti), faili lipi, na ulizipakua tarehe ngapi. GPS halisi za kaya ulizozihoji mwenyewe hazitoki kamwe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu, na ahadi uliyompa mhojiwa pia inazihusu. Data yako nyingine ipe leseni inayoruhusu kutumika kwa sharti la kutajwa. Msimbo nao upewe leseni yake. Usipoandika chochote, kisheria hakuna aliyeruhusiwa kuutumia.

Zenodo, ghala la bure linaloendeshwa na CERN, hupokea hadi gigabaiti 50 kwa kifurushi na kukipa namba ya kudumu ya DOI. Kila toleo hupata DOI yake, na kuna moja inayoyafunika yote. Kwenye makala nukuu ile ya toleo ulilotumia. Kosa likigundulika, toleo la kwanza halifutwi: unapandisha la pili, na kwenye faili la maelezo unaandika safu ipi ilibadilika, kwa nini, na jibu la mwisho limehama kutoka ngapi hadi ngapi. Aliyelinukuu la kwanza ataendelea kulifungua na kuona alitegemea nini.